Nachingwea Hadi Ruangwa: Huku Baiskeli Ndio Bazu

Wasee wa baiskeli wa Kanairo, tuambiane ukweli. Kila Sato mbogi inatoka asubuhi mapema, inapanda Kiambu katikati ya mashamba ya kahawa. Kilima ni fiti, kabaridi ni ka kuchapa meno, picha zinatoka zimeiva. Ngori ni moja tu: hakuna kona unapiga bila mathree kukupumulia mgongoni. Unateremka ukiomba Mungu kuliko unavyoshika breki. Ka umechoka na hayo maisha, fungua ramani ushuke nayo mpaka chini kabisa ya Bongo, mkoa wa Lindi, ucheki Nachingwea na Ruangwa.

Kahawa huko usitafute. Ya kusini iko Mbinga, mbali kinoma, upande wa Ziwa Nyasa. Huku bazu ni mkorosho, na kwa msee wa kupiga pedeli mkorosho unabamba kuliko mbuni, juu una kivuli cha kweli. Matawi yanainama karibu yaguse chini, na njia za shambani zinapenya katikati yake hadi usahau jua. Milima si ya kutisha kama Aberdare. Ni miinuko ya kupanda na kushuka, halafu ghafla unapata jabali limesimama pekee yake shambani, halina jirani. Nachingwea yenyewe iko mita 400 na kitu juu ya bahari, so pumzi haitakusumbua. Joto ndio litakupima.

Sasa, hizi njia zilitoka wapi? Baada ya Vita Kuu ya Pili, Waingereza walikuwa wameishiwa na mafuta ya kupika. Wakaona dawa ni kulima karanga Tanganyika, ekari milioni tatu na ushee. 1947 kazi ikaanza, na Kongwa, Urambo na Nachingwea ndizo zikachaguliwa. Mpaka vifaru vya Sherman vya vita viligeuzwa matrekta, si mchezo. Kusini wakajenga bandari Mtwara na wakavuta reli hadi Nachingwea. Mvua ikawaruka, udongo ukawakatalia, mashine zikakufa. Januari 1951 serikali yao ikanyoosha mikono, pauni milioni 36 zikiwa zimeenda na upepo. Reli nayo ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60.

Hapo ndio msee wa baiskeli anafaa kuchanuka. Gari moshi halipandangi mlima mkali, kwa hivyo popote tuta la reli lilipita, mwinuko ni wa pole. Ukibahatika kupata kipande hakijamezwa na vichaka, kipige taratibu. Ka hakuna, uliza wenyeji njia ya shambani. Wao ndio ramani.

Mashamba ya karanga yalipewa namba, na moja imeingia kwa historia: Farm 17. Kuanzia 1965 FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, waliigeuza kambi ya mafunzo, Samora Machel akawanoa hapo wapiganaji waliorudi Msumbiji kumkung'uta Mreno, hadi uhuru ukaja tarehe 25 Juni 1975. Karanga zilikataa kumea, mapinduzi yakakubali. Lakini usilete ujuaji: Nachingwea bado kuna jeshi, na ukiona geti lao, simu inarudi mfukoni.

Kitu itakushtua zaidi ni watu. Kwetu baiskeli ni ya mazoezi ama ya kujionyesha. Huku ni ya kazi. Utakutana na mzee anasukuma Phoenix yake ikiwa na madumu ya maji, ameyafunga kwa vipande vya tyubu kuukuu, kijiti kimeegeshwa pembeni cha kuisimamisha akitaka kupumzika. Gia hana hata moja. Kilima kikianza anashuka, anasukuma, hana presha na mtu. "Niaje" yako iache Namanga. Shuka, inama kidogo.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona baiskeli yako haina keria?"

Hapo unakosa jibu. Chuma imekula laki na nusu zako, na haiwezi kubeba hata debe la mahindi.

Toka Nachingwea mpaka Ruangwa ni kama kilomita hamsini, kitu ya asubuhi moja ukiwa na miguu. Barabara kubwa ina boda na malori, haswa kuanzia Oktoba minada ya korosho ikishika moto, so wewe shikilia za pembeni. Ruangwa ni tao ndogo yenye jina kubwa: ndio nyumbani kwa Kassim Majaliwa, aliyepewa Uwaziri Mkuu 2015, na ndio nyumbani kwa Namungo FC, timu iliyopanda ligi kuu 2019 na msimu wa pili tu ikaingia makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ikiwa na mechi, egesha baiskeli uingie uwanjani. Ubao ukikushika, itisha ugali wa muhogo na mbaazi. Ukipita msimu wa mavuno utaonjeshwa uraka, pombe ya mabibo. Onja baada ya safari, si kabla, juu huo mchanga hauna huruma na mlevi.

Rada ni hii. Masika ni Desemba hadi Aprili, usijaribu. Udongo mwekundu utakula cheni. Nenda kuanzia Juni, kumekauka na asubuhi kuna ubaridi. Lakini Juni hadi Agosti wakulima wanapuliza salfa kwa mikorosho alfajiri, na lile vumbi la njano linawasha macho. Ukiskia mashine inanguruma shambani, funika mdomo ama ngoja ipite. Tairi ziwe pana, na ukifika kwa mchanga punguza upepo. Beba tyubu za ziada na maji ya kutosha. Jua likianza kuzama tafuta gesti ama omba mwenyekiti wa kijiji pa kulala: ndovu wa upande wa Liwale na Selous wanatembeaga mpaka mashambani, na wao hawajui taa ya baiskeli ni nini.

Marehemu Sule Kangangi, mwendesha baiskeli Mkenya, na wenzake wa Team Amani walishaonyesha dunia kwamba msee wa East Africa anaweza barabara ya vumbi. Migration Gravel Race ya Mara imekuwepo tangu 2021. Lakini huku hushindani na mtu. Mzee wa madumu atakupita ukiwa umekaa chini unaziba pancha, na pengine ndio atakusaidia kuiziba. Kwa hivyo kabla hujatoka Kanairo, pitia kwa fundi wa mtaa akufungie keria. Safari hii utaihitaji, hata kama ni ya kumbebea mtu dumu moja mpaka juu ya kilima.