Mgeni Aliyelala Ndani ya Kijidudu

Ndugu msomaji, umpelekapo mwanao kliniki kuchanjwa dondakoo, je, wamjua adui mwenyewe? Bakteria wa dondakoo, akiwa peke yake, hana ile sumu inayoua. Mwaka 1951, huko Marekani, mtaalamu Victor Freeman alionyesha kuwa bakteria wasio na sumu huanza kuitengeneza baada ya kuingiliwa na virusi. Virusi hivyo hujipachika katika jeni za mwenyeji wao, vikalala humo kimya, na kurithishwa kila bakteria anapogawanyika. Maagizo ya kutengeneza sumu ni mali ya mgeni huyo! Sumu hiyo hudhuru koo, moyo na mishipa ya fahamu. Basi chanjo haimlengi bakteria mwenyewe. Huufundisha mwili kuizima sumu. Ndiyo maana aliyechanjwa aweza kumbeba bakteria kooni bila kuugua, akamwambukiza mtoto wa jirani ambaye hakuchanjwa.