Mbolea ya pipa yapata wateja, yakosa rafu ya duka

Tangu mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya viwandani ya DAP uvuke shilingi 130,000 mwaka 2022, pipa la majani yaliyovundikwa limeingia kwenye hesabu za msimu za wakulima wa mboga wa Meru, Lushoto na Mgeta, nchini Tanzania. Ruzuku iliyotangazwa Agosti mwaka huo ilishusha mfuko hadi shilingi 70,000, lakini pipa halikuondolewa uani. Limebaki, na limezaa biashara ndogo: dumu la lita tano kwa jirani, chupa ya lita moja kwa mwenye matuta ya mchicha Dar es Salaam, pipa zima kwa kikundi cha kina mama. Biashara hiyo haionekani kwenye takwimu za tani za mbolea zinazosomwa kila msimu wa bajeti, na baadhi ya wanaoifanya wanasema kutoonekana huko kunawaumiza kuliko bei ya sukari wanayotengenezea mbolea hiyo.

Mbolea za pipa zinazouzwa ni za aina mbili. Ya kwanza ni ya maji. Majani yaliyokatwakatwa hutiwa kwenye kiroba, kiroba huzamishwa kwenye pipa la maji, na maji hukorogwa kila baada ya siku mbili tatu kwa muda wa wiki mbili hivi, mpaka yawe ya kahawia yenye harufu kali. Hiyo huongezwa maji na kumwagiwa shinani. Ya pili ni ya sukari, na asili yake ni Korea na Japani. Machipukizi machanga huchumwa alfajiri, huchanganywa na sukari guru au molasi ya uzito uleule, hufunikwa kwa kitambaa kinachopitisha hewa, na baada ya wiki moja hivi huchujwa. Sukari huvuta utomvu kutoka kwenye jani, na uchachu unaotokea huzuia kuoza. Hii ndiyo inayouzwa kwa jina la busta, na hupulizwa kwa kiasi kidogo mno: sehemu moja kwa 500, au hata kwa 1,000. Kwenye bomba la lita 20, hiyo ni mililita 40 au pungufu.

Malighafi inayotafutwa zaidi ni alizeti pori, mmea wa asili ya Mexico ambao sasa umejaa kando ya barabara na kwenye mipaka ya mashamba, kuanzia magharibi mwa Kenya hadi milima ya Usambara. Utafiti uliofanywa magharibi mwa Kenya miaka ya 1990 ndio uliolipa jani hilo heshima. Likikaushwa lina nitrojeni karibu asilimia 3.5 na potasiamu karibu asilimia 4, ila fosforasi haifiki hata nusu asilimia. Lushoto hutumia pia tughutu, na watafiti waliwahi kuyachanganya majani ya mimea hiyo miwili na unga wa mwamba wa fosfati unaochimbwa Minjingu, mkoani Manyara, ili kuziba pengo hilo. Wengine huongeza vipande vya mgomba kwa ajili ya potasiamu, ambayo hutoka upesi na kuingia kwenye maji.

Hesabu ambayo muuzaji haitaji

Mfuko mmoja wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni. Kuzipata kwenye alizeti pori kunahitaji zaidi ya kilo 650 za majani makavu. Jani bichi, sehemu nne kati ya tano, ni maji matupu, kwa hiyo mkulima atakata, atabeba na kukatakata zaidi ya tani tatu za majani kabla ya kuhesabu amonia inayopotea hewani pipa likiwa wazi. Busta ya sukari iko mbali zaidi: mililita 40 zinazoingia kwenye bomba hazibebi hata nusu gramu ya nitrojeni, wakati gramu tano tu za urea zina zaidi ya gramu mbili.

Kwa hiyo anayeuziwa dumu kwa ahadi kwamba hatahitaji tena mfuko anapoteza fedha, na huenda akapoteza msimu. Anayelitumia kama nyongeza, juu ya mboji au samadi iliyoiva, kwenye vitalu vya miche na matuta ya mchicha, figili na sukuma wiki, ana sababu ya kulipia. Mashamba ya mahindi ya ekari kadhaa hayamo kwenye hesabu hii hata kidogo. Soko la pipa ni bustani, na wanaolisukuma zaidi ya hapo wanaliharibia jina.

Vipimo vya kutengeneza busta vinavyotumwa kutoka simu hadi simu navyo vina asili yake. Miongoni mwa walioitangaza sana mbolea ya sukari duniani ni wakulima wa bangi wa kaskazini mwa California, jimbo la Marekani lililoruhusu maduka kuwauzia watu wazima zao hilo kuanzia mwaka 2018. Hapa kwetu zao hilo ni haramu, lakini mapishi yake ya mbolea yamehamia kwenye nyanya. Mkulima wa kule alipoanza alikuwa na zao ghali kwa uzito, akaweza kununua kilo ya sukari kwa kila kilo ya majani bila kuumia. Mwenye tenga la nyanya hana nafasi hiyo. Mapema mwaka 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa, kilo ya sukari ilipita shilingi 4,000 maeneo mengi nchini, na bei elekezi iliyotangazwa haikuonekana kwenye maduka mengi ya mitaani. Waliokuwa wakitengeneza busta ya sukari wakageukia molasi, na huko wakakutana na wafugaji na watengeneza pombe kali, wanunuzi wenye fedha kuwazidi.

Malalamiko ya muuzaji mmoja

Muuzaji mmoja wa Arusha, aliyeomba asitajwe kwa sababu anachouza hakijasajiliwa, anasema hapingi udhibiti. Anapinga kipimo kinachotumika kumpima. Chini ya Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009, mbolea haiuzwi mpaka isajiliwe, na muuzaji sharti awe na leseni. Njia ya usajili ina sampuli, maabara, majaribio ya shambani, ada na lebo. Kwa maelezo yake, njia hiyo ilichongwa kwa mwagizaji anayeshusha meli nzima ya bidhaa isiyobadilika. Yeye ana mapipa. Majani ya masika yana maji mengi, ya kiangazi yamekauka, na pipa la Aprili si pipa la Septemba. Akisajili moja, anauliza, je, lile la pili litakuwa la magendo?

Anaendelea kwamba wenye maduka ya pembejeo wanamkubali kwa maneno na kumkataa kwenye rafu. Wanaogopa mkaguzi. Wapo wanaomwekea chupa mbili tatu chini ya meza kwa wateja wanaofahamiana, lakini hawatoi risiti. Wakati huohuo, rafu za maduka hayohayo zimejaa busta za nje zenye lebo za kung'aa, ambazo wakulima wanalalamika kwamba baadhi yake hazina tofauti na maji ya rangi. Kizuri chajiuza, anasema, lakini si pale ambapo kizuri kimefichwa chini ya meza na kibaya kimewekwa kwenye taa.

Malalamiko yake hayaishii kwenye sheria. Mbolea ya sukari huendelea kuchacha ndani ya chupa, ikatoa gesi, na chupa huvimba. Makondakta wa mabasi wanaujua mzigo huo na wanaukataa, au wanatoza zaidi. Mkopo haupati, kwa sababu hakuna anayekubali dhamana ya bidhaa isiyotambuliwa. Na wameibuka waigaji wanaochanganya maji, molasi kidogo na samadi, wakauza kwa nusu ya bei yake. Mkulima akishaunguza miche kwa dumu la namna hiyo, hamlaumu mwigaji peke yake, anawaweka wote kwenye kapu moja.

Anachotaka ni daraja la chini la usajili kwa anayeuza ndani ya wilaya yake: kipimo cha uchachu, cha chumvi na cha vimelea vya magonjwa, ada inayolingana na mapipa, na jina la mtengenezaji juu ya dumu ili mteja ajue wa kumrudia. Ni ombi lenye mantiki, na linastahili jibu kuliko kufukuzwa. Hata hivyo, alipoulizwa kama amewahi kupeleka sampuli yake maabara kwa fedha zake, alijibu kwamba hajawahi. Hilo ni pengo kubwa kwa mtu anayeomba aaminiwe.

Tani zinahesabiwa, mapipa hayahesabiwi

Afisa mmoja wa sekta ya pembejeo, ambaye naye hakutaka kutajwa, hakuona tatizo kubwa. Alirejea takwimu ileile inayotolewa majukwaani: matumizi ya mbolea nchini yamepanda kutoka takribani tani 363,000 msimu wa 2021/22 hadi zaidi ya tani 840,000 msimu wa 2023/24. Kwake hiyo ni dalili kwamba mkulima amefikiwa, na kwamba mlango uko wazi kwa yeyote wa mbolea za asili atakayefuata taratibu.

Takwimu hiyo ni kubwa, na ruzuku bila shaka imewasaidia wengi. Lakini tani inayotoka ghalani si lazima iwe tani iliyofika kwenye mzizi. Mwenye robo ekari ya kabichi bado hupimiwa mbolea kwa kilo kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa, bila kujua umekaa wazi kwa muda gani. Nchini Kenya, mwaka 2024, mifuko iliyopita kwenye mpango wa ruzuku wa serikali yenyewe iligundulika kuwa na bidhaa isiyo na ubora, na wakulima waliolipwa fidia walikuwa wameshapanda. Muhuri hautoshi kuwa ushahidi. Na idadi ya tani haisemi chochote kuhusu udongo wa milimani ambao umechoka, una tindikali, na unahitaji mabaki ya mimea kama unavyohitaji chumvi za mfukoni.

Ahadi za karatasi hazikosekani. Azimio la Abuja la mwaka 2006 lililenga kilo 50 za virutubisho kwa hekta ifikapo 2015, na nchi nyingi za Afrika hazikufikia lengo hilo. Azimio la Nairobi la Mei 2024 limeahidi kuongeza mara tatu, ifikapo 2034, uzalishaji na usambazaji wa mbolea za viwandani na za asili zilizothibitishwa ubora. Tanzania ina mkakati wake wa kilimo hai wa mwaka 2023 hadi 2030. Yote haya yanaitaja mbolea ya asili kwa heshima. Ila masharti ya kuthibitishwa ubora, bila maabara ya karibu na ada inayobebeka, yanalitoa nje pipa la kijijini. Afisa huyo hakueleza ni wazalishaji wangapi wa ngazi ya kijiji ambao wamepita kwenye mlango anaosema uko wazi.

Upande wa afya nao hauwezi kuachwa kwa wauzaji. Wapo wanaotia samadi mbichi kwenye pipa la majani ili harufu iwe kali na rangi iwe nzito, kisha kioevu hicho hupulizwa kwenye mchicha unaovunwa siku chache baadaye. Vimelea wa tumbo hawaogopi neno asili. Mbolea ya majani matupu ina hatari ndogo zaidi, lakini mnunuzi hana njia ya kujua kilichomo ndani ya dumu zaidi ya neno la muuzaji. Hapo ndipo udhibiti ungepata kazi ya maana, kuliko kuhangaika na umbo la lebo.

Njia moja ya mauzo inaonekana kuwa salama kidogo. Kiwango cha Afrika Mashariki cha mazao ya kilimo hai, kilichopitishwa mwaka 2007 na kinachotumika pamoja na nembo ya Kilimohai, kinampa nafasi mkulima anayetengeneza mbolea yake shambani na kuandika alichotumia. Vikundi vinavyofuata utaratibu huo haviuzi mbolea, vinauza mboga. Faida ya pipa inapatikana kwenye bei ya figili. Ni soko dogo, lenye wateja wa mijini wenye kipato, na halitawabeba wote. Ila linawapa wakulima mazoea ya kuandika kumbukumbu, kitu ambacho wauzaji wengi wa madumu hawana.

Mwelekeo wa biashara hii utaamuliwa zaidi na ruzuku kuliko na ubora wake. Ruzuku ikiendelea, mapipa mengi yanaweza kurudi kuwa ya matumizi ya nyumbani, na wauzaji watabaki wachache wenye wateja wa kudumu. Ikipunguzwa, au bei ya dunia ikiruka kama ilivyoruka 2022, mahitaji yatafumuka tena na waigaji watakuwa wa kwanza kufika sokoni. Mamlaka zina muda wa kuweka kipimo rahisi kabla ya hapo, ingawa mpaka sasa dalili za haraka hiyo ni haba. Kwa mkulima, ushauri wa wataalamu wa ugani unabaki uleule: nunua kwa mtu unayeweza kumrudia, anza na tuta moja huku tuta la pili likikosa mbolea hiyo, linganisha mavuno kwa mizani, na usiache mboji kwa sababu ya chupa.