Fahamu: Maandishi yaliyofutwa Goulston Street

Usiku wa kuamkia 30 Septemba 1888, konstebo Alfred Long alikuta kwenye mlango wa jengo la Goulston Street, London, kipande chenye damu cha aproni ya Catherine Eddowes, aliyeuawa usiku huohuo. Ukutani palikuwa na maneno ya chaki kuhusu Wayahudi. Kamishna Charles Warren, akihofia wakazi Wayahudi wangeshambuliwa, aliamuru yafutwe kabla ya kupigwa picha. Zikabaki nakala za polisi, nazo hazilingani: kwa Long, Wayahudi ndio watu ambao hawatalaumiwa bure, kwa mpelelezi Daniel Halse, wao sio watu watakaolaumiwa bure. Hata tahajia ya jina “Wayahudi” ilizua mabishano.

Utasema tofauti hiyo ni ndogo. Lakini nakala, hata ikiwa sahihi, haihifadhi mwandiko, na mwandiko ndio ungeweza kulinganishwa na barua zilizodaiwa kutoka kwa muuaji. Hofu ya Warren ilikuwa ya kweli, naiheshimu. Ila kuyafunika maneno kulizungumzwa palepale, kukakataliwa. Aproni inathibitisha muuaji alipita hapo. Kwamba ndiye aliyeshika chaki, hakuna kinachothibitisha.