Dakika moja ya kona

Bondia akirudi kwenye kona, sheria inampa dakika moja. Sekunde za mwanzo zinaishia kumkalisha, kumtoa kinga ya meno na kumpa maji. Zikibaki kumi, unaamriwa utoke ulingoni na ndoo yako. Zangu mimi hazifiki arobaini. Miaka kumi na tisa nimezitumikia sekunde hizo hapa Dar es Salaam, na swali ninaloulizwa ni lile lile: kama anayerusha ngumi ni yeye, wewe mwalimu unachangia nini?

Huwa naanza na Eddie Futch. Mzee huyo alizaliwa Mississippi mwaka 1911, akakulia Detroit, na ingawa alikuwa mtu wa uzito mdogo, alikuwa akipigana mazoezini na Joe Louis wa uzito wa juu. Moyo wake ulimnyima ngumi za kulipwa, madaktari walikataa. Yakabaki macho, na sijui mwalimu mwingine aliyeyatumia vile.

Futch alimtazama Muhammad Ali mpaka akaona kitu ambacho wengi walikipita. Ali akitaka kupiga ngumi ya kulia ya kutoka chini kwenda kidevuni, alisimama wima na kuushusha mkono mpaka nyongani. Kwa kitambo hicho taya lilikuwa wazi. Joe Frazier akaambiwa: jikunje, mbane mwilini, umlazimishe aitumie ngumi hiyo, ukiuona mkono unashuka, achia kushoto. Tarehe 8 Machi 1971, New York, raundi ya 15, mkono ulishuka, kushoto kwa Frazier kukafika, na Ali akalala chali. Siku ile Futch alikuwa msaidizi tu. Mwalimu mkuu alikuwa Yank Durham. Miaka miwili baadaye, San Diego, Futch akampa Ken Norton darasa jingine: Ali akidokoa, nawe dokoa papo hapo, maana mkono wake wa kulia haukai mahali pa kumkinga. Norton, ambaye wengi hawakuwa wakimjua, alishinda, na Ali akaondoka na taya lililovunjika.

Kuona peke yake hakutoshi, lazima kuingie kwenye misuli. Jambo la namna hiyo unalirudia kwenye pedi wiki nane, asubuhi na jioni, mpaka kijana akiona bega linashuka mkono wake uwe umeshatoka kabla hajafikiri. Ndiyo maana kwenye kona mimi sifundishi. Aliyechoka hashiki somo jipya. Namkumbusha neno moja, mawili yakizidi: "Bega, mwanangu. Tazama bega." Basi.

Kuna pia vitu vidogo ambavyo mtazamaji havioni. Tarehe 11 Februari 1990, Tokyo, Mike Tyson alipanda ulingoni akiwa na ushindi 37 bila kupoteza hata pambano moja. Alikuwa ameshaachana na Kevin Rooney, mwalimu aliyempeleka mpaka kwenye ubingwa. Jicho la kushoto lilipoanza kuvimba, kona yake haikuwa na kile chuma baridi cha kukandia uvimbe. Wakajaza maji ya barafu kwenye glovu ya mpira, wakamkanda nayo. Jicho likafumba, na katika raundi ya 10 Buster Douglas akamwangusha. Sitasema chuma kingemwokoa, kwa kuwa Douglas alipigana vizuri mno siku ile. Lakini picha ya glovu ile hainitoki. Chuma changu mimi nilichongewa na fundi anayetengeneza mageti, kipande kizito cha kuenea kiganjani, na hulala kwenye barafu kuanzia pambano la kwanza hata kama kijana wangu ni wa mwisho.

Wala mwalimu bora hawezi kuziba kila pengo. Novemba 1986, Tyson huyo huyo alipomnyang'anya Trevor Berbick mkanda katika raundi ya pili, kwenye kona ya Berbick alikuwepo Angelo Dundee, aliyemlea Ali. Ujuzi wote ule, na mtu wake hakumaliza raundi mbili.

Kwa hiyo mchango uko wapi? Naurudia mchana wa tarehe 1 Oktoba 1975, Quezon City, karibu na Manila. Ali na Frazier kwa mara ya tatu, ndani ya joto kali. Jicho la kulia la Frazier lilikuwa limefumba kwa vipigo, na la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho kwa miaka. Alikuwa akipigana gizani. Raundi 14 zimekwisha, imebaki moja, na Frazier anaomba aendelee. Futch, aliyewahi kushuhudia mabondia wakifa kwa vipigo, alimkalisha akamwambia yamekwisha. Frazier aliishi mpaka mwaka 2011.

Bondia hawezi kuikata hukumu hiyo mwenyewe. Robert Wangila, Mkenya aliyeleta dhahabu ya Olimpiki kutoka Seoul mwaka 1988, alilalamika refa aliposimamisha pambano lake Las Vegas, Julai 1994. Muda mfupi baadaye alipoteza fahamu, na hakuamka tena.

Mimi yangu ilinifika kwenye pambano la raundi nane. Kijana alikuwa anaongoza kwa pointi. Baada ya raundi ya tano akakaa, akauliza, "Mwalimu, hii raundi ya ngapi?" Nikamwambia inayokuja ni ya sita. Nikampaka vaselini juu ya nyusi, nikamfuta shingo. Akaniuliza tena, kwa sauti ile ile, kana kwamba hajawahi kuuliza. Nikamwita refa. Ukumbi ulizomea, na yeye alinisukuma kifuani kwa glovu zote mbili.

Vipimo vya hospitali vilitoka vizuri. Hilo likampa haki ya kunikasirikia, na sikumlaumu. Akahamia kwa mwalimu mwingine. Mwaka jana nililipa kiingilio nikakaa viti vya nyuma kumwangalia akipigana. Alishinda. Kila kengele ilipomrudisha kwenye kiti, nilikuwa natazama midomo yake, nijue kama anauliza kitu.