Tarehe 15 Aprili: siku iliyopigwa na vimbunga viwili

Wazee wa Lindi huutaja mwaka 1952 kuwa mwaka wa kimbunga. Tarehe 15 Aprili mwaka huo, kimbunga kilitoka Bahari ya Hindi kikaipiga Lindi, kikabomoa nyumba na kuua watu. Miaka 80 kamili kabla yake, tarehe hiyohiyo ya mwaka 1872, kimbunga kingine kiliipiga Zanzibar enzi za Sultani Barghash. Kilizamisha majahazi na meli bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba ilipona kwa kiasi kikubwa, na baada ya hapo ndiyo ikawa mama wa karafuu.

Baadhi ya wasikilizaji wetu watauliza: je, siku hii ina mkosi? Hapana. Tarehe kufanana ni bahati tu. Lakini mwezi kufanana si bahati.

Kimbunga huhitaji bahari yenye joto la nyuzi 26 au zaidi. Upande wetu wa Bahari ya Hindi, msimu wake huanza Novemba na kuisha Aprili. Kwa kawaida vimbunga hivyo huishia Madagaska au Msumbiji. Madagaska hutukinga, na karibu na Ikweta upepo haupati mzunguko wa kutosha kuunda kimbunga. Ndiyo maana Tanzania hupigwa kwa nadra. Nadra, lakini hupigwa.

Mwezi Aprili 2019 Kimbunga Kenneth kilipita jirani kabisa na kutua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, huku wakazi wa Mtwara wakiwa wametahadharishwa. Tarehe 4 Mei 2024, msimu ukiwa umeshaisha, Kimbunga Hidaya kilifika Mafia. Mvua zake zilikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika wilaya ya Kilwa, na wasafiri wa mikoa ya kusini wakakwama njiani.

Sisi wa Newala na Masasi tuko mbali na bahari. Kimbunga kikiingia nchi kavu hukosa maji ya moto yanayokilisha, na upepo wake hupungua haraka. Mvua ndiyo husafiri mbali zaidi. Ikifika Newala hulazimika kupanda uwanda, na hapo inaweza kuongezeka. Udongo wetu wa kichanga hubebwa kirahisi kwenye miteremko, na makorongo hupanuka. Masasi iko chini, na maji yake hushuka kwa Mto Lukuledi hadi Lindi.

Aprili pia mahindi yako shambani, na mihogo na mbaazi bado zinakua. Mahindi yakilala, mkulima hupoteza chakula cha mwaka. Mkorosho ukilala, hasara ni ya miaka, kwa sababu hata mche uliobebeshwa huchukua takribani miaka mitatu kuanza kuzaa. Wenye mikarafuu wa Unguja walilijua hilo mwaka 1872.

Tofauti kubwa na wakati ule ni taarifa. Siku hizi Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) hukifuatilia kimbunga kwa setilaiti siku kadhaa kabla hakijafika. Taarifa zake zina ngazi tatu: angalizo, tahadhari, na tahadhari kubwa. Ukisikia angalizo, endelea kufuatilia. Ukisikia tahadhari, chaji simu, funga vizuri bati au makuti, weka akiba ya chakula mahali pakavu, na safari za kuvuka mabonde ziahirishe. Ikiwa tahadhari kubwa, hama bondeni na ukae mbali na miti mikubwa.

Na jambo moja la mwisho: upepo ukitulia ghafla katikati ya dhoruba, usitoke. Huenda ni jicho la kimbunga linapita. Likishapita, upepo hurudi kutoka upande wa pili kwa nguvu ileile, na nyumba iliyolegea mara ya kwanza huanguka mara ya pili.