Ulimi Ukipinda Upande Mmoja

Mgonjwa akiambiwa atoe ulimi hudhani daktari anatafuta utando mweupe au vidonda. Wakati mwingine anachotafuta ni upande ulimi unakoelekea.

Ulimi husukumwa nje na misuli miwili, na kila mmoja huusukuma mbele huku ukiuelekeza upande wa mwenzake. Misuli hiyo, pamoja na karibu mingine yote ya ulimi, huendeshwa na neva ya 12 ya kichwa, iitwayo haipoglosali. Kuna moja kulia na moja kushoto. Ya kulia ikiharibika, msuli wa kushoto hubaki ukisukuma peke yake, na ulimi hupinda kulia, yaani upande ulioumia.

Kiharusi hugeuza hesabu hiyo. Amri ya ubongo huvuka upande wa pili kabla ya kuifikia neva, hivyo damu ikikosekana upande wa kushoto wa ubongo, ulimi huweza kupinda kulia, uliko mkono uliolegea. Ili kutofautisha, ulimi hutazamwa ukiwa umetulia ndani ya kinywa. Neva yenyewe ikiwa imeumia kwa wiki kadhaa, nusu ya ulimi husinyaa, huingia makunyanzi, na nyama yake huchezacheza kama funza chini ya kitambaa. Kiharusi cha ubongo wa juu hakileti hayo. Lakini ukishatolewa nje, hata ulimi wa mtu mzima wa afya hutetemeka, kwa hiyo daktari mwenye haraka hudanganyika. Hudanganywa pia na mdomo uliopooza upande mmoja, maana hapo ulimi ulionyooka huonekana umepinda.

Neva hii hutoka kwenye fuvu kupitia tundu dogo karibu na kisogo, hushuka shingoni kando ya ateri ya karotidi, kisha hugeuka mbele kuufuata ulimi. Popote njiani yaweza kudhurika: upasuaji wa karotidi, ateri kuchanika ukuta, mrija wa kupumulia wakati wa upasuaji, au mionzi ya saratani iliyopigwa miaka mingi nyuma. La kuogopwa zaidi ni uvimbe. Mwaka 1996 daktari James Keane wa Marekani alichapisha uchambuzi wa wagonjwa 100. Karibu nusu walikuwa na uvimbe, mwingi wao saratani. Majeraha, hasa ya risasi, yalifuata.

Ndiyo maana ulimi uliopinda, hata bila maumivu, si wa kusubiriwa upone wenyewe, na ukiambatana na maumivu ya kisogo upande uleule ni wa kuharakishwa zaidi. (Ganzi ya ulimi baada ya kung'olewa gego la mwisho ni jambo jingine: hapo imeguswa neva ya hisia, na ulimi hutoka umenyooka.)

Picha ya MRI hufuata njia nzima ya neva, kuanzia shina la ubongo hadi chini ya taya. CT huonyesha mfupa wa fuvu vizuri zaidi. Pande zote mbili zikisinyaa, hupimwa umeme wa misuli, kwa kuwa huenda ni ugonjwa wa neva za mwendo. Picha zikitoka safi, wengi huitwa tena baada ya miezi michache na kupigwa nyingine, kwani uvimbe mdogo huweza kutoonekana mara ya kwanza.