Klima ya gari ya zamani: piesi haitengenezwi tena, tufanye namna gani?

Kila mtu aliyetoka Bukavu kushuka Uvira kwa gari anajua pale hali ya hewa inapobadilika. Huko juu, hadi Nyangezi, abiria wanafunga vioo juu ya baridi. Ukimaliza kushuka Ngomo na kufika Kamanyola, koti linavuliwa. Kuanzia hapo, Luvungi, Sange, Kiliba hadi Uvira mjini, ni joto la Ruzizi na vumbi la barabara. Abiria wana mambo mawili ya kuchagua: kufungua kioo wale vumbi, ao kukifunga waive kama mihogo kwenye chungu.

Shoferi anabonyeza kitufe cha klima. Hewa ya moto inatoka. Jibu tunalijua: «Klima ilikufa, na piesi yake haiko tena.»

Je, ni kweli haiko? Mara nyingi, iko. Lakini haiko kwa jina la gari yako. Iko kwa kipimo chake. Hilo ndilo tunataka kueleza leo, pamoja na namna ya kuepuka kulipa pesa mara tatu kwa kazi isiyofanyika, na hatari moja inayoweza kuua watu ndani ya gari.

Tulivyopoteza pesa sisi wenyewe

Katika familia yetu tulikuwa na Toyota Carina ya mwaka 1991. Klima ilipoacha kutoa baridi, tulienda garaji, wakatia gazi. Wiki mbili baridi safi, kisha joto likarudi. Tukatia tena. Mara ya tatu pia. Siku moja kukasikika sauti ya chuma kusagana, na tukaambiwa kompreseri imekufa na ya Carina ile haitengenezwi tena.

Fundi mwingine alipofungua, alituonyesha makosa mawili. La kwanza: pete ndogo ya raba kwenye tiyo ya kondanseri ilikuwa imekauka, gazi linatoka polepole. Ni piesi ndogo kuliko kifungo cha shati. La pili: gari ilitoka kiwandani na gazi la aina moja, sisi tukatiliwa aina nyingine bila kubadilisha mafuta ya ndani. Kompreseri ilizunguka bila mafuta hadi ikajila yenyewe.

Gazi haliishi kama esanse

Klima ni mzunguko uliofungwa. Kompreseri, inayozungushwa na mkanda wa moteri, inasukuma gazi kwa nguvu. Gazi likiwa la moto linapita kwenye kondanseri, ile iliyo mbele ya radiateri, linapoa na kuwa maji. Linapita kwenye filtri inayokausha unyevu, kisha kwenye detanderi, mlango mwembamba sana. Likitoka hapo linaingia evaporateri, chini ya dashibodi, ambako linageuka gazi tena na kunyonya joto la ndani ya gari. Kisha linarudi kwa kompreseri.

Kwa hiyo gazi halichomwi wala halitumiki kama esanse. Kupungua kidogo kidogo kwa miaka mingi ni kawaida, kwa sababu raba haizibi kama chuma. Lakini likiisha ndani ya wiki mbili, kuna tundu. Fundi anayetia gazi bila kutafuta tundu anakuuzia baridi ya wiki mbili.

Anza na mambo ya bei ndogo

Kabla ya kulaumu kompreseri, angalia umeme. Fyuzi imeungua? Rele inafanya kazi? Ventilateri ya kondanseri inazunguka? Mkanda haujalegea? Kwenye magari mengi kuna swichi inayozuia kompreseri kuwaka gazi likiwa kidogo. Ikizuia, inailinda kompreseri yako. Mtu anayeiunganisha kwa waya ili kompreseri iwake kwa nguvu anaiua.

Safisha pia kondanseri. Vumbi la barabara yetu na wadudu wa usiku wanaziba mapezi yake, na klima nzima inakosa nguvu. Maji ya kawaida yanatosha. Presha kali inakunja mapezi.

Kisha tafuta tundu. Gazi likitoka, linatoka na mafuta kidogo. Mahali penye mafuta na vumbi vimegandamana, hasa kwenye maungio ya tiyo, uso wa kondanseri na mbele ya kompreseri, ndipo pa kushuku. Povu la sabuni linaonyesha tundu kubwa. Fundi mwenye vifaa anaweza kujaza azoti kavu na kusikiliza, ao kutia rangi inayong'aa kwa taa maalum. Lakini chupa ya oksijeni ya wachomeleaji isitumike hata siku moja kupima klima: oksijeni yenye presha ikikutana na mafuta inaweza kulipuka.

Tafuta kwa kipimo, si kwa jina

Ukiingia dukani ukasema «nataka kompreseri ya Carina 91», utajibiwa haiko. Viwanda vinaacha kutengeneza piesi za gari miaka kadhaa baada ya gari yenyewe kuachwa. Lakini kampuni ya gari, mara nyingi, haikuitengeneza ile kompreseri. Ilinunuliwa kwa kampuni kama Denso ao Sanden, zinazouzia watengenezaji wengi. Kompreseri ya namba moja inaweza kuwa kwenye gari tatu za majina tofauti.

Kwa hiyo fungua kompreseri ya zamani, isafishe, usome kibao chake. Kwa mfano, Toyota nyingi za miaka ya 90 zina Denso ya namba 10PA15. Andika namba hiyo. Kisha pima mambo haya: puli ina mifereji mingapi na upana gani, masikio ya kufungia boloti yako wapi na yameachana milimita ngapi, matundu ya tiyo yako nyuma, juu ao ubavuni, umeme ni wa volti 12 ao 24. Piga picha kila upande. Ukienda Bukavu, ao Bujumbura, ao ukimwagiza mtu Dar es Salaam, karatasi hiyo na picha vinasaidia kuliko jina la gari.

Kama ile namba imekosekana kabisa, Sanden wanatengeneza kompreseri zinazofungwa kwenye malori, trakta na mashine, kama SD5H14 na SD7H15. Mchomeleaji mzuri anaweza kukutengenezea kibao cha kuifunga. Jambo moja halina mchezo: puli lazima iwe kwenye mstari mmoja na puli za moteri, la sivyo mkanda utakatika. Kwenye gari nyingi mkanda huohuo unazungusha pompi ya maji. Ukikatikia njiani, unapoteza moteri, si klima tu.

Na si lazima kununua kompreseri nzima. Kama inalia tu, inaweza kuwa biya ya puli. Kama haishiki, inaweza kuwa koili ya umeme. Hizo zinabadilishwa peke yake.

Kondanseri ni rahisi zaidi: pima urefu, upana na unene wa nafasi iliyo mbele ya radiateri, tafuta inayoingia. Tiyo ya raba inaweza kutengenezwa upya na wale wanaobana tiyo za mashine za presha, mradi watumie raba ya klima, si ya maji wala ya mazuti. Filtri ya kukausha inabadilishwa kila mara mzunguko unapofunguliwa, juu unyevu wa hewa umeshaingia. Ya gari nyingine inafaa kama maungio na ukubwa vinalingana na imeandikwa kwa gazi lako. Pete za raba zinauzwa kwa kipimo. Kwa gazi la sasa nyingi ni za kijani.

Ngumu ni evaporateri, kwa sababu sanduku lake lilichongwa kwa dashibodi moja tu. Hapo tafuta gari ileile iliyokufa, ao mpate fundi wa aluminiamu. Kabla ya kuchomelea chochote, gazi lote liwe limetolewa: likikutana na moto linatoa sumu.

Gari yako inatumia gazi gani?

Magari ya kabla ya mwaka 1992 hivi yalitumia gazi la R12. Wataalamu waligundua kwamba linaharibu ozoni, tabaka la angani linalotukinga na mionzi mikali ya jua. Mwaka 1987 nchi zilikubaliana huko Montreal kulipunguza. Nchi tajiri ziliacha kulitengeneza mwaka 1996, nchi kama yetu zilipewa hadi 2010. Watengenezaji wa magari walihamia R134a kati ya 1992 na 1994. Tazama kibandiko chini ya boneti. Ukikosa, angalia midomo ya kutilia gazi: ya R12 inafungwa kwa kuzungusha, ya R134a inashikwa kwa kubana.

Gari ya R12 inaweza kuhamia R134a, na ndiyo njia iliyobaki kwa wengi. Lakini kazi yenyewe ni hii: kutoa gazi la zamani lote, kumwaga mafuta ya zamani, kwa sababu mafuta ya R12 hayatembei na R134a. Kutia mafuta yanayofaa, mara nyingi yale ya esta, yanayovumilia mabaki ya zamani. Kubadilisha filtri na pete za raba. Kuvuta hewa na unyevu kwa pompi ya vakumu, si chini ya nusu saa. Mwisho kutia gazi kwa mizani, karibu asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa R12 ulioandikwa. Kuzidisha hakuongezi baridi, kunaongeza presha. Na baridi itapungua kidogo kuliko zamani. Fundi mkweli atakuambia mapema.

R134a nayo haiharibu ozoni, lakini inaongeza joto la dunia, zaidi ya mara 1,400 ya uzito uleule wa kaboni dioksidi. Ndiyo maana Oktoba 2016, hapa jirani Kigali, nchi zilikubaliana kuipunguza pole pole. Bado inauzwa, lakini usikubali fundi aiachilie hewani.

Chupa ya bei ndogo inaweza kuua

Kuna watu wanatia gazi la kupikia kwenye klima. Baridi inatoka, ni kweli. Lakini evaporateri iko ndani, mbele ya miguu ya abiria. Ikitoboka, gazi linajaa kwenye gari iliyofungwa vioo, na cheche moja inatosha.

Gazi bandia ni hatari pia. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka na kuua mafundi, wakiwemo wa Vietnam na Brazil. Ndani ya mashine kulikutwa gazi lililouzwa kama R134a, kumbe limechanganywa na kemikali inayoshambulia aluminiamu na kutengeneza kitu kinachowaka kikigusa hewa. Chupa isiyo na jina la kampuni, ya bei isiyoeleweka, mwachie mwenye nayo.

Ukienda garaji, uliza hivi

Tundu liko wapi? Nionyeshe kwa macho. Utabadilisha filtri? Una pompi ya vakumu na mizani? Mafuta gani unatia, na kiasi gani? Nipe piesi ya zamani nikae nayo. Fundi anayejua kazi hatakasirika. Anayekasirika amekujibu.

Kama pesa haijapatikana, ziba tiyo zilizo wazi kwa vifuniko vizuri ili unyevu usiingie, na usubiri. Klima inayosubiri ikiwa imezibwa itatengenezeka. Iliyoachwa wazi inaoza ndani.

Na klima ikishapona, iwashe dakika kumi kila wiki, hata msimu wa mvua. Mafuta yatatembea, raba hazitakauka. Ile pete ndogo iliyotugharimu kompreseri nzima ilikauka kwa sababu klima ilikaa miezi mingi bila kuwashwa.